Kupima kasi ya uoksidishaji teule wa nyuzi za selulosi: mwongozo kamili kwa maabara za Nyanda za Juu Kusini

Uoksidishaji teule wa selulosi ni mmenyuko unaogeuza kikundi kimoja tu cha hidroksili (–OH), kile cha kaboni ya sita katika kila kipande cha glukosi, kuwa karboksili (–COOH), huku hidroksili za kaboni ya pili na ya tatu zikibaki kama zilivyo. Kichocheo kinachotumika sana ni TEMPO, radikali huru thabiti ya jamii ya piperidini, ambayo hufanya kazi pamoja na bromidi ya sodiamu na hipokloriti ya sodiamu ndani ya maji yenye pH 10. Njia hii ilianza kutumika kwa wanga na polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) nyingine zinazoyeyuka katikati ya miaka ya 1990 nchini Uholanzi, kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakaionyesha kwenye nyuzi za mbao, na mwaka 2015 Akira Isogai, Tsuguyuki Saito na Yoshiharu Nishiyama walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg kwa kazi hiyo.

Mwongozo huu unahusu kinetiki, yaani kupima mmenyuko unakwenda kwa kasi gani na ni kitu gani kinachoizuia kasi hiyo. Nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi na mafundi sanifu wa maabara walioko Iringa, Mbeya, Njombe na Mufindi, mahali ambapo mipaina imetanda vilima vyote vya Sao Hill lakini vifaa vya kisasa ni haba. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kipima pH kizuri, bureti ya mililita 10 yenye alama za mililita 0.05, kikorogeo cha sumaku, kipimajoto, kipima upitishaji umeme, mizani ya miligramu, na beseni la maji la kudhibiti joto. Hicho cha mwisho ndicho ambacho wengi hukiacha, na ndicho kinachoharibu matokeo mengi kuliko vingine vyote.

Kabla ya kugusa chupa: nini hasa kinatokea

Hipokloriti huoksidisha bromidi kuwa hipobromiti. Hipobromiti huigeuza TEMPO kuwa ioni ya oksoamoniamu, na ni ioni hii, wala si hipokloriti yenyewe, inayoishambulia hidroksili ya kaboni ya sita. Baada ya shambulio, TEMPO hurudi katika hali iliyopunguzwa, yaani iliyopokea elektroni, na kuoksidishwa tena, hivyo kiasi kidogo chake hufanya kazi kubwa. Anayelipa gharama ni hipokloriti.

Malipo hayo yana hatua mbili, na mpimaji asiyezitenganisha hataelewa grafu yake. Katika hatua ya kwanza hidroksili huwa aldehidi, na moli moja ya hipokloriti hutumika bila alkali yoyote kupungua. Katika hatua ya pili aldehidi huwa karboksili, ikitumia moli nyingine moja ya hipokloriti pamoja na moli moja ya hidroksidi ya sodiamu. Kwa jumla, kila karboksili moja hugharimu hipokloriti mbili na hidroksidi moja. Hii ina maana kwamba bureti ya hidroksidi huhesabu karboksili peke yake; aldehidi haiioni kabisa. Ukipima pia hipokloriti iliyotumika, kisha ukatoa mara mbili ya hidroksidi iliyotumika, kinachobaki ni kiwango cha juu kabisa cha aldehidi kinachoweza kuwamo, pamoja na hasara ya mimenyuko ya kando.

Jambo la pili la kulifahamu mapema ni kwamba nyuzi si sukari iliyoyeyuka. Ndani ya ukuta wa uzi wa mbao kuna nyuzinyuzi ndogo sana zenye upana wa nanomita 3 hadi 4, zilizopangika kama fuwele, na oksoamoniamu haiingii ndani ya fuwele hizo. Ni hidroksili za juu ya uso tu zinazofikiwa, tena kwenye uso huo kipande kimoja cha glukosi hutazama nje na kinachofuata hutazama ndani. Ndiyo maana palpu ya mbao, yaani rojo la nyuzi zake, huishia kwenye takriban milimoli 1.5 hadi 1.7 za karboksili kwa gramu, ilhali kama kila kaboni ya sita ingefikiwa, hesabu ingezidi milimoli 5 kwa gramu.

Kuandaa palpu

Tumia palpu ya mpaina iliyopikwa kwa njia ya krafti (kwa alkali yenye salfidi) na kupaushwa, na ikiwezekana iwe haijawahi kukaushwa. Palpu iliyokaushwa vitundu vyake hujifunga na havifunguki vyote hata ikilowekwa usiku kucha, kwa hiyo kasi utakayoipima itakuwa ya nyuzi zilizofungwa. Karatasi ya kahawia ya mifuko ya saruji, ambayo hupatikana kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Mafinga hadi Tunduma, haifai kabisa, kwa sababu lignini, gundi asilia ya mbao, iliyobaki ndani yake hula hipokloriti kabla selulosi haijapata chochote. Nyuzi za migomba kutoka Tukuyu zinaweza kutumika baada ya kuchemshwa kwa alkali na kupaushwa, ila zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe na zisichanganywe kwenye grafu moja na mpaina.

Pima unyevu. Chukua kipande kidogo cha palpu mbichi, kikaushe kwenye nyuzijoto 105 mpaka uzito usibadilike, kisha ukitupe. Kama sehemu kavu ni asilimia 20, gramu 10.0 za palpu mbichi zina gramu 2.00 za nyuzi kavu, na hicho ndicho kiasi tutakachokitumia.

Kuijua hipokloriti uliyonayo

Dawa ya kupaushia nguo ya dukani, ile ambayo watu wengi huiita jiki, hupoteza nguvu kila siku ikikaa rafuni, na hupoteza haraka zaidi kwenye joto, kwenye mwanga, au ikiingiwa na chembe za chuma au shaba. Namba iliyoandikwa kwenye chupa ni ya siku ilipotoka kiwandani. Tena dawa nyingine zimetiwa manukato na sabuni, hizo ziache. Tumia ile isiyo na nyongeza, au ile ya maabara, na upime nguvu yake siku hiyohiyo ya jaribio.

Upimaji ni huu. Weka mililita 1.00 ya hipokloriti ndani ya maji yenye ayodidi ya potasiamu ya kutosha, ongeza asidi asetiki mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea, kisha dondosha thiosulfati ya 0.1 M. Rangi ikibaki njano ya majani makavu, tia matone machache ya uji mwepesi wa wanga, hata wa mahindi unafaa, na uendelee mpaka bluu ipotee. Hipokloriti moja hulingana na thiosulfati mbili. Kama thiosulfati iliyotumika ni mililita 9.40, hiyo ni milimoli 0.94, na nusu yake ni 0.47; kwa hiyo hipokloriti yako ni 0.47 M. Kwa palpu gramu 2.00 tunataka milimoli 5 kwa gramu, yaani milimoli 10 kwa jumla, ambazo ni mililita 21.3.

Hipokloriti ya chupa ina alkali ya ziada na pH yake mara nyingi huzidi 11. Ukiimimina hivyo, pH ya bika itapanda juu ya 10, na kwa dakika kadhaa bureti yako haitadai tone lolote ingawa mmenyuko umeshaanza. Mwanzo wa grafu, ambao ndio wenye habari nyingi, utakuwa umepotea. Ishushe kwanza hadi pH 10 kwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M, tone kwa tone, ukikoroga, ndani ya kabati la kuvutia hewa au kwenye dirisha lililo wazi pande mbili. Usiiache ishuke chini ya 9. Asidi nyingi kwenye hipokloriti hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo haimpi mtu nafasi ya kujitetea. Miwani ya kinga na glavu si mapambo hapa.

Jaribio lenyewe

Mimina mililita 180 za maji yaliyochujwa kwa mvuke kwenye bika la mililita 400, ongeza TEMPO gramu 0.032, ambayo ni takriban milimoli 0.2, na bromidi ya sodiamu gramu 0.20. TEMPO huyeyuka polepole; koroga mpaka chembe nyekundu za mwisho zipotee, jambo linaloweza kuchukua robo saa au zaidi. Tia palpu na uitawanye mpaka ifanane na uji mwepesi usio na mabonge. Bonge moja la ukubwa wa punje ya hindi lina nyuzi nyingi ambazo kemikali itazifikia kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kutaingia kwenye hesabu yako kana kwamba ni tabia ya selulosi.

Weka bika ndani ya beseni la maji la nyuzijoto 25 na usubiri mpaka joto la uji wenyewe, si la beseni, lifike 25. Weka elektrodi ya pH iliyorekebishwa asubuhi hiyo kwa bafa za 7 na 10. Mwagia hipokloriti yote kwa mara moja na uanze saa.

Kuanzia hapo kazi ni ya macho na kidole. pH itaanza kushuka, nawe utaongeza hidroksidi ya sodiamu ya 0.5 M ili ibaki kati ya 9.9 na 10.1, ukiandika usomaji wa bureti kila dakika moja kwa dakika kumi za mwanzo, kisha kila dakika mbili, kisha kila tano. Watu wawili hufanya kazi hii vizuri kuliko mmoja: mmoja anashika bureti, mwenzake anasoma saa na kuandika. Katika dakika za mwanzo matone yatadaiwa mfululizo. Baadaye utakaa na kusubiri, na hapo ndipo uvivu wa kuandika huanza.

Kila baada ya dakika 15 chota mililita 2 za maji yasiyo na nyuzi, uyapime hipokloriti kwa ayodidi kama ulivyofanya mwanzo, safari hii kwa thiosulfati ya 0.01 M, na uandike kiasi ulichotoa, kwa sababu ujazo wa bika umepungua. TEMPO na bromidi zilizooksidishwa nazo hutoa ayodini, hivyo unachokipima ni vioksidishaji vyote kwa pamoja. Kwa kazi yetu inatosha.

Umeme ukikatika na kikorogeo kikasimama, koroga kwa fimbo ya kioo na uandike dakika ilipotokea. Ukipita muda mrefu, jaribio hilo lihesabiwe kuwa la mazoezi.

Pale mmenyuko unapoonekana umekwisha

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwezi Julai mmoja, katika maabara ya nyanda hizi ambayo haina beseni la joto, tulifanya jaribio hili asubuhi huku ukungu ukiwa bado haujaondoka madirishani. Baada ya dakika 50 pH ilikuwa imetulia, bureti imesimama kwenye mililita 2.9, na kitabu kikaandikwa kwamba mmenyuko umefika kikomo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sahihi. Saa nane mchana, bika likiwa bado mezani na chumba kimeshapata jua, pH ilikuwa imeshuka hadi 8.7. Kipimajoto cha asubuhi kilikuwa kimesoma nyuzijoto 13. Hakuna kilichokuwa kimekwisha. Mmenyuko ulikuwa umepoa kiasi kwamba subira yetu ndiyo iliyofika kikomo.

Kwa hiyo bureti ikisimama, uliza maswali mawili. La kwanza: je, hipokloriti bado ipo? Dondosha tone la maji ya bika kwenye kipande cha karatasi chenye ayodidi na wanga. Bluu ikitokea, ipo. Isipotokea, mmenyuko umesimama kwa njaa, na kikomo ulichokiona ni cha hipokloriti, si cha nyuzi. Namba hiyo isitumike kama kikomo katika hesabu. La pili: je, joto la uji bado ni lile la mwanzo? Ukiridhika kwa yote mawili, tia mililita 5 za ethanoli ili imalize vioksidishaji vilivyobaki, subiri dakika 10, chuja, na uoshe nyuzi kwa maji mpaka upitishaji umeme wa maji yanayotoka ukaribie ule wa maji safi.

Hesabu ya kasi

Nachukua namba za kufundishia. Tuseme hidroksidi ya mwisho ni mililita 6.00, na dakika ya 10 usomaji ni 1.77, dakika ya 20 ni 3.02, dakika ya 40 ni 4.52. Kilichobaki kufanyika dakika ya 20 ni 6.00 kutoa 3.02, yaani 2.98, gawanya kwa 6.00 upate 0.497, logi asilia yake ni −0.70. Gawanya kwa dakika 20 na ubadili alama: 0.035 kwa dakika. Fanya vivyo hivyo kwa kila usomaji, kisha chora logi hizo dhidi ya muda. Zikilala kwenye mstari mmoja ulionyooka, mmenyuko unafuata mpangilio wa kwanza wa kuonekana kwa upande wa hidroksili zinazofikika, yaani kasi hupungua sawia na hidroksili zilizobaki, na mteremko ndio thabiti ya kasi. Nusu ya kazi hukamilika kwa 0.693 gawanya kwa 0.035, ambayo ni karibu dakika 20.

Kwa nyuzi za kweli mstari huo mara nyingi huvunjika. Sehemu ya kwanza huwa kali, kisha mteremko hupungua. Usilazimishe rula ipite katikati. Sehemu kali ni ya hidroksili zilizo wazi juu ya nyuzi na kwenye vitundu vikubwa. Sehemu ya polepole ni ya zile zilizoko kwenye njia nyembamba, ambako kemikali lazima isafiri kabla ya kufanya kazi. Toa thabiti mbili na useme kila moja inahusu muda gani. Mstari ukipinda kinyume, yaani ukianza polepole kisha kuongeza kasi, angalia kwanza kama hipokloriti ilikuwa na alkali ya ziada, halafu ukumbuke kwamba aldehidi lazima zijengeke kabla bureti haijaanza kudai.

Kutafuta kinachozuia kasi

Thabiti moja haitoshi kusema chochote kuhusu sababu. Majaribio matatu mafupi hutosha, na nayapanga kwa urahisi wake.

Badilisha kasi ya kukoroga, mathalani kutoka mizunguko 300 hadi 600 kwa dakika. Kasi ya mmenyuko ikibadilika, ulikuwa unapima ukorogaji. Punguza palpu au boresha ukorogaji kabla ya kuendelea.

Kisha badilisha TEMPO: milimoli 0.05, 0.1 na 0.2 kwa gramu ya nyuzi, vingine vyote vikibaki sawa. Chora logi ya kasi ya dakika tano za mwanzo dhidi ya logi ya TEMPO. Mteremko unaokaribia 1 unaonyesha kwamba kichocheo ndicho kinachoamua. Ukilala kuelekea 0, kikwazo kiko kwingine, ama kwenye hipobromiti inayoirudisha TEMPO kazini, ama kwenye safari ya kuingia ndani ya ukuta wa uzi. Rudia kwa bromidi ujue ni kipi.

Jaribio la tatu ni la joto. Kwa namba za kufundishia tena, thabiti ikiwa 0.017 kwenye nyuzijoto 15 na 0.035 kwenye 25, mlinganyo wa Arrhenius unatoa nishati ya uamshaji ya takriban kilojuli 52 kwa moli. Namba ya kiasi hicho ni ya kemia. Ikishuka chini ya 20 hivi, shuku msambao, yaani safari ya kemikali kuingia ndani ya nyuzi. Usipande juu ya nyuzijoto 30, kwa sababu kwenye alkali aldehidi za kaboni ya sita huanza kukata mnyororo wa selulosi, na hipokloriti nayo huharibika bila faida. Pia kuna mtego ambao hauandikwi mara nyingi: kipima pH chenye fidia ya joto hurekebisha elektrodi, hakirekebishi maji. Kwenye nyuzijoto 15, maji ya pH 10 yana chini ya nusu ya ioni za hidroksidi yaliyonazo maji ya pH 10 kwenye 25. Sehemu ya tofauti unayoiita athari ya joto inatoka huko.

Kuhusu pH yenyewe, 10 haikuchaguliwa kwa mazoea. Ukipunguza hadi 9 asidi ya hipobromasi huongezeka na uteuzi hupungua. Ukipandisha hadi 11 uharibifu wa mnyororo huongezeka. Kwenye 10, ni zaidi kidogo ya asilimia 4 tu ya hipobromiti iliyo katika umbo la asidi.

Kuhakiki kwa njia nyingine

Hidroksidi iliyotumika ni ushahidi wa shahidi mmoja, tena shahidi anayedanganywa na kabonidioksidi ya hewani. Mhakiki ni upitishaji umeme. Chukua nyuzi zilizooshwa zenye gramu 0.30 kavu, zitawanye kwenye mililita 55 za maji, ongeza mililita 5 za kloridi ya sodiamu ya 0.01 M, shusha pH hadi kati ya 2.5 na 3 kwa asidi hidrokloriki, kisha ongeza hidroksidi ya 0.04 M, mililita 0.1 kila dakika, mpaka pH 11. Upitishaji utashuka, utatambaa karibu bapa, kisha utapanda. Urefu wa sehemu bapa ndio karboksili. Ikiwa ni mililita 11.2, zidisha kwa 0.04 na ugawanye kwa 0.30: milimoli 1.49 kwa gramu. Bureti ya kwanza ilisema 6.00 mara 0.5 gawanya kwa 2.00, yaani 1.50. Toa karboksili chache ambazo palpu ilikuwa nazo kabla, na kama tofauti inazidi asilimia 5, tafuta uvujaji wa alkali au nyuzi zilizopotea kwenye kuchuja kabla ya kuilaumu nadharia.

Nyuzi zilizobaki zihifadhiwe mbichi kwenye jokofu, zisikaushwe. Zikisagwa kwenye blenda kwa maji mengi hugeuka jeli inayoruhusu mwanga kupita, na jeli hiyo ni uthibitisho unaoonekana kwa macho kwamba uso umechajika. Maji ya taka yana bromidi na TEMPO: yatie thiosulfati mpaka karatasi ya ayodidi isigeuke bluu, rekebisha pH iwe karibu 7, na uyaweke kwenye dumu lenye lebo na tarehe badala ya kuyamwaga kwenye mfereji unaoshuka kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya watu.